Jiko la Chuma Katika Nyumba Unayokwenda

Greyville, Durban, Jumamosi jioni

Sekela mwanangu,

Juzi mezani, uliponionyesha kwenye simu picha za nyumba utakayoishi kule chini ya milima ya Drakensberg, niliinuka nikaacha ugali wangu nusu. Ukadhani nimechukia kwamba unaondoka. Nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Baba hataki niende." Si kweli. Ualimu wa hesabu umeupata kwa jasho lako, na mimi ndiye wa kwanza kutaka uende. Kilichoniinua ni ile picha ya nne, uliyoipenda kuliko zote: sebule yenye ukuta wa mawe, meko ukutani, na ndani ya meko limesukumwa jiko kuukuu la chuma, lenye mlango wa kioo kilicholiwa na masizi. Ulisema, "Tazama, baba, nitakaa hapa nikisahihisha madaftari huku moto unawaka." Mimi nilikuwa natazama pembeni mwa jiko. Kati ya chuma na mawe palikuwa na saruji iliyopakwa kwa vidole, harakaharaka, na mtu aliyetaka kumaliza aondoke. Kazi ya namna ile naijua. Niliwahi kuifanya kwa mikono hii.

Kesho asubuhi unapanda gari. Mambo ya kula, ya kusali, ya kujifunika na ya vijana mama yako amekwisha kukuambia, tena mara mbili. Mimi nina hili moja, na nina hasira nalo kiasi kwamba nikilisema kwa mdomo nitapandisha sauti, nawe utaacha kusikiliza maneno usikilize sauti. Ndiyo maana ninaandika.

Unamjua Mama Furaha. Unamjua kama yule mama Mkongomani wa kule Point anayekuita majina matatu kabla ya kulipata la kwako, ambaye mkono wake wa kulia hutetemeka akishika kikombe. Wewe na binti yake Furaha, mlipokuwa wadogo, tuliwaambia kwamba ni malaria ilimpanda kichwani. Ulikuwa uongo. Mama yako aliusema kwa sababu nilimwomba. Mwenye uongo ni mimi.

Mkiwa darasa la sita, Furaha alikuwa akikaa kwetu kwa ajili ya shule, mkilala kitanda kimoja na kugombania shuka. Mama yake alikuwa akitunza nyumba ya mapumziko kule Nottingham Road, kijiji cha huko juu milimani, kwenye baridi, peke yake. Nyumba ilikuwa ya bwana mmoja wa Morningside niliyekuwa nimemtengenezea geti. Siku moja bwana huyo akapata jiko la chuma lililotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa, akanichukua nikamwekee ndani ya meko ya zamani. Alitaka wageni wake wa msimu wa baridi wakute moto mzuri.

Tulilishusha jiko kwenye gari, nikalipiga tochi ndani. Nyuma palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Kamba ya kuzibia mlango ilikuwa imeliwa yote. Nikamwambia, "Bosi, jiko hili linahitaji bomba lake la chuma cha pua, kutoka hapa shingoni hadi juu kabisa ya dohani. Bila bomba, moshi utapotelea humo ndani." Nilimweleza kama nilivyofundishwa na fundi aliyenipokea Durban: kwamba dohani ya meko ya wazi ni pana, imejengwa kwa moto mkubwa unaosukuma moshi kwa joto lake. Jiko la kufungwa hutoa moshi kidogo, tena uliopoa. Ukifika kwenye matofali baridi unagandamana, unakuwa lami nyeusi. Lami inaziba njia, na ikizidi inashika moto, dohani yote inaunguruma kama lori.

Alinisikiliza akiwa anatazama simu yake. Kisha akasema, "Dohani hii imesimama tangu enzi za babu zetu na haijamuua mtu. Sukuma ndani, ziba pembeni, tumalize."

Nikasema, "Ndiyo, bosi."

Maneno mawili tu, Sekela. Nimeyarudia kichwani miaka yote hii, na bado yananipandisha damu. Sikusema hivyo kwa kutojua. Nilikuwa nataka kazi ya madirisha ya nyumba yake ya Morningside, na nilikuwa nimechoka kuwa mgeni mbishi. Nikausukuma ule mzigo ndani. Nikaziba pembeni kwa saruji. Ule ufa wa nyuma nikauchomelea, nikijua wazi kwamba chuma cha kusubu, kile cha kumiminwa kwenye kalibu, hakikubali kuchomelewa hivyo, kikipata moto kitapasuka palepale. Juu yake nikapaka rangi nyeusi isiyoungua. Lilipendeza. Bwana alipiga picha.

Kabla ya kuondoka nilimfundisha Mama Furaha kuliwasha. Mwenye nyumba alikuwa amemwachia kuni za kuhesabu, nyingine mbichi kabisa, ukizipiga zinatoa mlio wa kitu chenye maji. Nikamwonyesha kilango kidogo cha hewa pale chini, nikamwambia, "Ukitaka kuni zidumu, bana hapa. Moto utalala, hautazima." Nilijiona mwerevu. Nilikuwa namfundisha kutengeneza sumu. Kuni mbichi na hewa iliyobanwa hutoa moshi mzito na lami nyingi, na hutoa ile hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoingia kwenye damu ya mtu na kukaa mahali pa pumzi. Mimi nilizaliwa Tukuyu, kwenye mvua na baridi, nimekulia kando ya moto. Nilidhani moto naujua. Nilichokijua ni moto wa jiko la nje, lenye upenyo kila upande.

Mwezi wa saba Mama Furaha alinipigia simu. Nayakumbuka maneno yake kama alivyoyasema. "Baba Sekela, kichwa iko inaniuma tangu jana. Nikitoka inje, inaisha. Nikirudi mu nyumba, inaanza tena."

Mtu mwenye akili timamu angeacha kila kitu palepale. Mtu anaumwa kichwa ndani, anapona nje: hilo si homa, hilo ni nyumba. Mimi nilikuwa na geti la mtu mezani, kinyago cha kuchomelea kimepanda juu ya paji la uso, nikamjibu, "Fungua dirisha kidogo, mama. Utazoea."

Sikulala vizuri kwa lile jibu, kwa hiyo kesho yake nikampigia mwenye nyumba. Akacheka. "Hawa watu wametoka nchi za joto, hawajui kuwasha moto. Mwambie atumie kuni chache." Mama Furaha alitoka Bukavu, mwanangu. Watu wa Bukavu huvaa makoti asubuhi. Nami nilijua hivyo, na nikacheka pamoja naye. Kicheko kile ndicho kinachonichukiza kuliko hata ile rangi nyeusi.

Kila Jumapili saa moja asubuhi, kabla ya ibada, Mama Furaha alikuwa akimpigia binti yake. Jumapili iliyofuata simu haikulia. Furaha alikaa kwenye kiti karibu na mlango, amekwisha kuvaa, simu yangu mikononi mwake. Saa mbili aliniambia, "Papa, mama hakosi." Tukapiga sisi. Ikaita hadi ikakata. Nikavaa viatu, nikaenda kupanda teksi ya kwenda juu. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba simu yake imeisha chaji.

Nilifika karibu saa sita mchana. Mlango umefungwa, mapazia yamefungwa, na juu ya dohani moshi kidogo sana, mwembamba, unaoshuka badala ya kupanda. Niligonga. Nikazunguka hadi dirisha la jikoni, pazia lake lilikuwa fupi, nikaona miguu yake sakafuni. Nilichukua jiwe nikavunja kioo, nikaingia na kukatwa huku mkononi, hili kovu unalolijua. Nataka ujue nilichokikuta ndani: hakuna kitu. Hakuna moshi, hakuna harufu. Hewa ilikuwa safi kwa macho. Nyumba ilikuwa na joto zuri, imefagiliwa, kikombe chake mezani. Nilipokuwa namburuta hadi mlangoni kichwa kilianza kuniuma kama alivyonieleza, ndipo nilipoelewa. Nilimlaza nje kwenye majani makavu, nikafungua kila nilichoweza kufungua. Mfanyakazi wa shamba la jirani alikuja mbio, akamtazama, akasema "eish" kwa sauti ya chini, akampigia simu mtu wa gari la wagonjwa.

Alipumua. Aliendelea kupumua. Lakini mwanamke aliyekuwa anaweza kusuka nywele za mtu mzima kwa saa mbili huku anahadithia, hakurudi kamili.

Alasiri mwenye nyumba alikuja, na nyuma yake ofisa wa zimamoto, kijana mpole mwenye daftari. Kabla hajaulizwa chochote, yule bwana alisema, "Hawa huingiza mabeseni ya mkaa ndani ya nyumba. Nimewakataza mara nyingi." Hakukuwa na beseni. Hakukuwa na kipande cha mkaa katika kiwanja kile. Ofisa aliinama mbele ya jiko, akapitisha kidole kwenye saruji, akaweka tochi ndani, akautazama ule ufa uliokwisha kupasuka tena. Akauliza, "Nani aliliweka hili?"

Mwenye nyumba alinitazama. Ofisa naye akanitazama. Mkono wangu ulikuwa umefungwa kitambaa, damu imepenya. Nilikuwa nimetoka kumwokoa mtu na wote waliniona kama shujaa.

Nikasema, "Nililikuta."

Sijawahi kukuandikia wala kukuambia jambo gumu kuliko hilo neno moja. Ofisa akaandika. Mwenye nyumba akashusha pumzi, akanipiga bega. Kwa neno lile nilimpa yeye njia ya kutokea, na mimi nikatokea hapohapo nyuma yake, tukamwacha Mama Furaha ndani, na lile beseni la mkaa ambalo halikuwapo likaandikwa kwa jina lake. Mwezi uliofuata alifukuzwa kazi akiwa bado hospitali. Sababu aliyopewa ni uzembe. Kwa nani angekwenda kulalamika, mtu asiyekumbuka siku ya juma? Na shahidi wake alikuwa mimi.

Niliacha kazi za yule bwana, ukweli ni huo, lakini usinihesabie wema. Ilikuwa aibu tu. Miaka mitatu baadaye nilikwenda kwenye ofisi ya zimamoto nikaeleza yote, nikaandikisha na kusaini. Mama mmoja wa pale alinisikiliza kwa heshima, akasema maelezo yangu yataunganishwa na faili, ila faili ilikwisha kufungwa. Yule bwana hajawahi kuulizwa tena swali lolote. Nyumba yake bado inapangishwa.

Siku nilipotoka ofisini nilikwenda Point nikamwambia Mama Furaha mwenyewe. Alikuwa amekaa barazani kwenye jua, ananyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyofundishwa. Nilimweleza habari za bomba, za ufa, za "nililikuta". Alimaliza kunyoosha vidole vyote. Kisha akasema, "Baba Sekela, wewe njo ulivunja dirisha. Na wewe njo uliweka ile kitu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Sema na mutoto. Mimi nitasahau."

Sasa sikia ubaya wangu ulivyokwenda mbali. Niliondoka pale nikiwa mwepesi, kwa sababu nilimwamini kwamba atasahau. Nilikuwa nimeungama kwa mtu ambaye hawezi kukaa na maneno yangu. Na kwa Furaha sikusema.

Ndiyo maana niliinuka mezani.

Na ndiyo maana, jana mchana, nilimpigia mwenye nyumba yako mpya. Namba niliichukua kwenye ile karatasi ya upangaji. Najua utakasirika, una haki, wewe ni mtu mzima na nyumba umepanga kwa jina lako. Nilimsalimia vizuri, nikajitambulisha kuwa baba yako na fundi chuma, nikamuuliza dohani ilisafishwa lini. Akasema, "Jiko limekuwa likiwaka vizuri siku zote. Hakuna mpangaji aliyelalamika." Nikamuuliza kama kuna bomba hadi juu. Akasema hajui kilichomo ndani. Nikamuuliza basi anajuaje kwamba ni salama. Akasema, "Binti yako ameiona nyumba, ameipenda, ametia saini."

Nilihisi lile jibu langu la zamani linapanda kooni, ile adabu ya kumaliza mazungumzo bila mtu kuudhika. Nikalimeza. Nikamwambia, "Mama, anayepangisha jiko asilojua ndani yake kuna nini anapangisha bahati nasibu. Utaniandikia leo kwamba halitawashwa hadi likaguliwe, ama nitakuja nilitoe mwenyewe na kukuwekea mlangoni." Alinikatia simu. Baada ya saa moja akatuma ujumbe kwamba Alhamisi ijayo atakuja mtu wa dohani mwenye kamera ya kupitisha ndani, na hadi hapo utatumia hita ya umeme. Ujumbe nimekutumia. Utunze.

Alhamisi hiyo uwepo. Usiachie mtu ufunguo. Simama nyuma ya huyo fundi umuulize maswali mpaka akuchoke. Mwambie akuonyeshe kwa macho yako bomba linaanzia wapi na linaishia wapi, na kama halifiki juu, jiko halijawekwa, limesukumwa. Akikuambia "linafaa tu", muulize kama yuko tayari kuandika hivyo na kutia saini. Utaona watu wanavyobadilika ukiwapa kalamu. Mlango ujaribu mwenyewe: bana kipande cha karatasi, funga, kivute. Kikitoka kwa urahisi, kamba imekufa na inabadilishwa. Usiku zima taa, weka tochi ndani ya jiko, tazama nje kama kuna mstari wa mwanga. Mahali mwanga unapopita, sumu inapita pia.

Likikubaliwa, liwashe, nawe ufurahie, sikukatazi. Kuni ziwe kavu, za msimu uliopita, zilizopasuka miishoni. Mbao za rangi na za makreti usizitie kamwe, hata akikupa jirani mwema. Moto uwake kwa nguvu na hewa ya kutosha, usiulaze ili udumu. Unapokwenda kulala, uache umalizike. Majivu yatoe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke nje juu ya mawe, kwa sababu kaa lililofunikwa huishi siku nyingi. Na ukisikia dohani inaunguruma, funga mlango wa jiko na hewa yake, toka, ita zimamoto. Usimwage maji, usirudi kuchukua madaftari.

Lakini haya yote ni ya fundi, na mafundi utawapata. Ninachokuomba mimi ni kingine. Tumekulea kusema shikamoo, kutojibizana na mkubwa, kutomwaibisha mwenye nyumba mbele za watu, na kwa mambo mengi nafurahi. Watu kama sisi katika nchi ya wengine hujifunza kuwa wepesi kubebeka. Kwa jambo hili nataka uwe mzito. Kichwa kikikuuma mbele ya moto ule na mtu akakuambia utazoea, toka nje, acha mlango wazi, na umwambie kwamba baba yako naye aliwahi kusema hivyo.

Leo asubuhi, kabla sijakaa kuandika, nilikwenda kwenye duka la simu anakofanya kazi Furaha. Nisingeweza kukuambia wewe kabla yake. Alikuwa anabadilisha kioo cha simu ya mtu. Nilisimama upande wa pili wa kaunta nikamwambia yote, mpaka "nililikuta", na hakuinua macho. Aliendelea kufungua vile viskrubu vidogo na kuvipanga kwenye kifuniko.

Nilipomaliza alisema, "Mama aliniambia zamani, Papa. Jioni ile ile uliyokuja."

Nikamuuliza, "Na miaka yote hii umekuwa ukija kula kwangu?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Alimaliza ile simu, akaiwasha, akampa mwenyewe. Kisha akainama chini ya kaunta akatoa kasha dogo jeupe, king'ora kinachonusa ile hewa ya sumu na kulia kabla mtu hajalegea. Alikuwa amekinunua tangu siku ulipomtumia zile picha. Aliweka betri mbele yangu, akakibonyeza, kikalia dukani mpaka wateja wakageuka.

Akasema, "Mupe Sekela. Akiweke karibu na kitanda, asikiweke jikoni."

Kimo kwenye begi lako la vitabu, juu kabisa. Ukishafika mpigie Furaha kwanza, mimi baadaye.

Baba yako